Maswali ya Wasomaji: Kikundi Kidogo cha Wafanyabiashara Wenzako Ukiwa Dubai

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka Falme za Kiarabu, kwa wasomaji wenye maduka, saluni, majiko na yadi za magari katika Dubai na Sharjah. Karibu wote wanazungukia jambo moja: mfanyabiashara aliye ugenini atapata wapi wenzake wa kukaa nao na kuzungumzia biashara kwa ukweli? Tumechagua barua saba.

Ndugu Wahariri, nina duka la simu za mitumba na vifaa vyake pale Naif, nauza jumla kwa wateja wa Dar na Mombasa. Nimo kwenye makundi manne ya WhatsApp ya watu wa nyumbani. Asubuhi ni salamu, mchana matangazo ya kago, usiku misiba. Nikiwa na jambo zito, kwa mfano kuajiri mtu wa pili au kuhamia stoo kubwa, sina wa kumuuliza. Nianzeje kikundi kidogo cha maana?
*Msomaji wa Deira*

Ndugu yetu, hayo makundi makubwa usiyaache. Ukitafuta bei ya kago au fundi wa haraka yanakufaa. Ila hakuna atakayesema mbele ya watu mia mbili kwamba benki amebakiwa na dirhamu elfu nne na pango ni wiki ijayo. Kwa mazungumzo ya namna hiyo unahitaji watu sita hadi wanane. Wakiwa chini ya watano, wawili wakisafiri kufuata mzigo hakuna kikao. Wakizidi wanane, zamu haifiki kwa kila mtu, na wapole huanza kukosa vikao bila kuaga.

Kazi kubwa ni kuchagua. Kila mmoja awe na leseni iliyo hai, awe ameumaliza mwaka wake wa kwanza sokoni, na awe ndiye mwenye kauli ya mwisho juu ya fedha za biashara yake. Aliye bado kwenye ajira na anawaza kuanza ana maswali mazuri, lakini ni ya meza nyingine. Changanya kazi: wa magari, wa saluni, wa chakula, wa vitenge, wa kufunga kamera za ulinzi. Si lazima wote watoke nchi moja. Mkenya wa Mombasa, Mtanzania wa Tanga na Mkongo wa Lubumbashi ambaye mzigo wake unashukia bandari ya Dar es Salaam wanaelewana vizuri kwa Kiswahili, na kila mmoja anajua kona ambayo mwenzake haijui.

Usiwaweke pamoja wauzaji wawili wanaogombea mteja yuleyule wa Kariakoo, wala mdai na mdaiwa wake, wala mume na mke. Wakala wako wa mizigo naye asiwemo, hata akiwa rafiki wa miaka. Akiwa mezani hutaweza kusema kwamba unatafuta wakala mwingine.

Anza na watu wawili unaowaamini, ana kwa ana, na kila mmoja alete mtu mmoja. Kubalianeni vikao vitatu vya majaribio, kimoja kwa mwezi, na baada ya cha tatu kila mtu aseme kama anabaki au anaondoka, bila kununiana. Siku inayofaa wengi ni Jumapili, saa 3 asubuhi hadi saa 6 mchana. Tangu Januari 2022 ofisi za serikali hapa Dubai hupumzika Jumamosi na Jumapili na kufanya kazi nusu siku Ijumaa, kwa hiyo Jumapili huwi na foleni ya ofisi wala simu ya benki. Msikutane dukani kwa mwanachama, wateja watawakatiza. Chumba cha mikutano cha kukodi kwa saa kinatosha.

Saa hizo tatu zigawanywe kwa dakika. Dakika 40 za kwanza, kila mmoja anapewa tano kutaja tarakimu nne: mauzo ya mwezi uliopita, fedha zilizopo benki leo, anachodai kwa aliowapa mali kauli (mali kwa mkopo), na anachodaiwa ndani ya siku 30 zijazo. Asiye tayari kutaja fedha, kwa vikao vitatu vya mwanzo aseme tu zimepanda au zimeshuka kwa asilimia ngapi. Baada ya hapo ataje. Tarakimu hizo nne ndizo zinazowafumbua macho wenzako: mauzo yakipanda huku fedha benki zikipungua, mara nyingi faida yako imelala kwa wateja wa mali kauli, na mtu wa nje huliona hilo kabla yako.

Kisha watu wawili waweke mambo yao mezani, dakika 50 kila mmoja. Kumi za kueleza. Kumi za maswali ya kupata taarifa tu. Ishirini za wenzake kusimulia waliyoyapitia wao. Kumi za mwisho ni zake: amesikia nini, atafanya nini na lini. Mapumziko dakika 20, na dakika 20 za kufunga ni za kusoma ahadi za mwezi uliopita, nani ametimiza na nani bado.

Vikundi vingi huharibikia kwenye maswali. Mtu anauliza, "Kwa nini usilifunge hilo duka?" Huo ni ushauri uliovaa alama ya kuuliza, na kiongozi wa zamu aukatize palepale. Swali la kweli ni "Pango la duka ni kiasi gani, na mkataba unaisha mwezi gani?" Sehemu ya kusimulia nayo ina kanuni yake: sema "nilipoajiri mtu wa pili, viza, leba kadi (kibali cha kazi) na bima ya afya vilinigharimu hivi, na mauzo yalianza kupanda baada ya miezi hii". Usiseme "unatakiwa uajiri". Mwenye jambo anajua mambo usiyoyajua: ada za watoto, ndugu anayemtegemea nyumbani, ahadi aliyompa mwenye mali. Amri itakayomtia hasara ataikumbuka kwa jina lako, lakini masimulizi yako atayapima mwenyewe na kuchukua linalomfaa. Mitandao mikubwa ya wakurugenzi kama YPO, ulioanzishwa Marekani mwaka 1950, huendesha vikundi vyake vidogo kwa kanuni hiyohiyo ya kusimulia badala ya kushauri.

Zamu ya uongozi ibadilike kila miezi sita. Mshika saa awe mtu mwingine, asiye kiongozi.

Wapendwa Wahariri, shikamooni. Napika chakula cha oda hapa Sharjah. Tulikuwa wanawake wanane tukikutana kila mwezi kuzungumzia biashara, mambo mazuri kabisa. Mwenzetu mmoja akaleta wazo la upatu wa dirhamu 1,000 kila mwezi. Sasa tunagombana, na mmoja ameondoka nchini na fedha zetu. Tufanyeje?
*Mama wa Jikoni, Sharjah*

Marahaba, mama. Hesabu yenyewe inaeleza yaliyowapata. Wanane kwa dirhamu 1,000 ni 8,000 kila mzunguko. Anayepokea mwezi wa kwanza amekopeshwa 7,000 bila dhamana yoyote. Akichangia mara tatu kisha viza yake ikafutwa, anaacha pengo la 5,000, na huko aliko huna pa kumfuata. Nyumbani upatu unashikiliwa na ukweli kwamba kijumbe anamjua mama yako na mlango wa nyumba yenu. Hapa kinachomshikilia mtu ni viza, na viza ina tarehe ya mwisho.

Lakini dirhamu 5,000 si hasara kubwa kuliko zote. Upatu ukiingia kwenye kikao cha biashara, ukweli unatoka. Mwenye hali mbaya hatataja fedha zake benki, kwa sababu akitaja wenzake watamsogeza zamu hadi mwisho. Ataanza kusema "tunamshukuru Mungu, mambo yanakwenda", na kuanzia siku hiyo kikao hakina kazi. Anayetaka upatu aucheze na watu wengine, siku nyingine.

Kuna na upande wa sheria, na tunaomba kila msomaji aliye huku ausome mara mbili. Sheria ya Falme za Kiarabu ya mwaka 2021 ya kusimamia michango inamkataza mtu binafsi kuitisha michango kwa watu bila kibali, na kutangaza namba ya akaunti mtandaoni kunahesabika. Vilevile kukopeshana kwa riba kati ya mtu na mtu ni kosa la jinai. Kwa hiyo kikundi chenu kisiwe na mfuko kabisa. Gharama ya chumba na chai igawanywe na kulipwa siku ileile. Ukitokea msiba, na utatokea, anzieni kwenye ubalozi mdogo wa nchi yenu Dubai au kwenye shirika la hisani lenye kibali, badala ya mtu kurusha ujumbe kwenye makundi.

Kuhusu aliyeondoka: andikeni kiasi anachodaiwa na tarehe za malipo, mumtumie yeye peke yake, na mumpe ratiba ya kulipa kidogokidogo. Kisha mfunge upatu kwa kulipana waliobaki, na kikao cha biashara mkianze upya kama kitu kingine. Ambaye hawezi kukaa tena na wenzake aachwe aende kwa heshima.

Mimi nauza magari ya usukani wa kushoto kwa wateja wa Kongo, niko Ras Al Khor. Kuna wakala wa kago alituahidi siku 25, mzigo umekaa siku 60 na simu hapokei. Nataka kuweka jina lake na picha yake kwenye kikundi chetu ili wengine wasiumie. Kuna ubaya?
*Kijana wa Yadi*

Ndiyo, kuna ubaya, na utakayeumia ni wewe. Sheria ya makosa ya mtandaoni ya mwaka 2021, Na. 34, inahesabu tusi au kashfa iliyotumwa kwa ujumbe wa simu kuwa kosa, na kusambaza picha ya mtu bila ridhaa yake nako kunaweza kukupeleka polisi. Ujumbe wa WhatsApp ni maandishi tayari. Hata kama anadaiwa kweli, neno "tapeli" juu ya picha yake linampa yeye pa kuanzia kesi.

Onyo kwa wenzako litolewe kwa mdomo, kikaoni, na liwe la mambo yaliyotokea: CBM (mita za ujazo) ngapi, aliahidi siku ngapi, zimepita ngapi, karatasi gani alitoa na ipi hakutoa. Hiyo ya karatasi ndiyo itakayowasaidia zaidi. Mzigo wa kuchanganywa kwenye kontena moja na wa watu wengine hutoka baada ya kontena kujaa, na wakala anayetaja siku za baharini tu bila kutaja siku ya kufunga kontena hajakuahidi chochote. Kabla ya kulipa pateni orodha ya mzigo yenye vipimo na uzito, risiti ya kupokea mzigo stoo, na kauli ya maandishi kuhusu tarehe ya kufunga. Kontena likishaondoka, dai namba yake. Utalifuata mwenyewe kwenye tovuti ya kampuni ya meli bila kumsubiri wakala apokee simu.

Na kwa kuwa tumegusa yanayosemwa kikaoni: kikundi kiwe na kanuni ya maandishi, nusu ukurasa, ambayo kila mtu ameisoma. Yanayosemwa hayatoki, hata kwa mwenza wala mfanyakazi. Hakuna kurekodi, hakuna picha za skrini. Anayeandika ni mwenye jambo peke yake, kwenye daftari lake. Anayevunja kanuni hii anaondoka mara ya kwanza, hapewi ya pili.

Kwenye kikundi chetu wote wanasema mwenye leseni ya eneo huru (free zone) hahusiki na kodi, na kwamba mauzo ya kupeleka Afrika hayahesabiki kwenye VAT, kodi ya ongezeko la thamani. Nimewaamini mwaka mzima. Ni kweli?
*Msomaji wa Al Quoz*

Si kweli, yote mawili, na tunakuomba uwahi kwa mshauri wa kodi wiki hii.

Kodi ya mapato ya kampuni ilianza kwa miaka ya hesabu inayoanza Juni 2023 au baada ya hapo. Ni asilimia 9 kwa faida inayozidi dirhamu 375,000, na asilimia 0 chini ya hapo. Lakini kujiandikisha hakusubiri faida: kampuni za maeneo huru nazo zinajiandikisha, na aliyechelewa hutozwa dirhamu 10,000. Upo unafuu wa biashara ndogo kwa wenye mapato yasiyozidi dirhamu milioni 3, kwa vipindi vinavyoishia kabla au ifikapo tarehe 31 Desemba 2026. Haujileti wenyewe, unauomba ndani ya ritani (fomu ya hesabu za kodi), na kampuni ya eneo huru inayofaidi asilimia 0 kwa hadhi yake maalumu haiupati.

Kwa VAT, lazima ujiandikishe mauzo ya miezi 12 yakizidi dirhamu 375,000. Bidhaa za kupeleka nje hutozwa asilimia 0, na hapo ndipo wengi wanapochanganya: kutozwa asilimia 0 si kusamehewa. Mauzo hayo yanahesabiwa kwenye kile kiwango cha 375,000. Anayeuza nje tupu anaweza kuomba asijiandikishe, lakini aombe, asijisamehe mwenyewe. Na hiyo asilimia 0 unaipata ukiwa na ushahidi kwamba mzigo umetoka nchini. Bila karatasi za forodha na za usafiri, mamlaka ya kodi inaweza kuyahesabu mauzo hayo kama ya ndani na kukudai asilimia 5.

Tunawaomba vikundi vyote viwe na mpaka hapa. Wenzako wanaweza kukuambia mshauri gani wa kodi aliwahudumia vizuri, alitoza kiasi gani, alidai karatasi zipi. Wasikuambie sheria inasema nini. Watu wanane waliokosea pamoja hupeana ujasiri kuliko mmoja aliyekosea peke yake, na faini inakuja kwa jina lililo kwenye leseni.

Mwenzetu mmoja amehamia Guangzhou, mwingine amerudi Dar. Tunataka kuendelea kwa mtandao. Saa zinatushinda.
*Msomaji wa Bur Dubai*

Dubai iko mbele ya Dar kwa saa moja, Guangzhou mbele ya Dubai kwa nne. Mkikutana saa 9 alasiri ya Dubai, Dar ni saa 8 mchana na Guangzhou ni saa 1 usiku, na hakuna anayeumia. Saa 2 usiku ya Dubai ni saa 6 usiku kwa mwenzenu wa China. Atavumilia mara mbili, ya tatu hatakuja.

Simu za WhatsApp hazipiti Falme za Kiarabu, na China WhatsApp yenyewe imefungwa. Jaribuni Microsoft Teams, siku moja kabla ya kikao. Kwa mtandao punguzeni muda hadi dakika 90 na jambo moja badala ya mawili. Kamera ziwashwe, na kila mtu awe peke yake chumbani. Siri haiwezi kulindwa ikiwa mtu yuko dukani na wauzaji wake wanasikia.

Je, ni bora kujiunga na mtandao mkubwa wa kimataifa wa kulipia badala ya kujikusanya wenyewe?
*Dada wa Saluni, Karama*

Inategemea ukubwa wa biashara yako, dada. EO, mtandao wa wajasiriamali ulioanzishwa mwaka 1987, unapokea wenye kampuni zinazoingiza zaidi ya dola milioni 1 kwa mwaka. Ukifika huko, fikiria. Utapata kiongozi aliyefunzwa na wenzako wa kila taifa. Wengi wetu hatujafika, na kikundi cha watu saba wenye nidhamu kinatosha kabisa. Angalizo moja: msijipe jina, nembo, wanachama wa ada na mwenyekiti. Jumuiya iliyoundwa rasmi hapa inahitaji kibali cha mamlaka. Mkitaka kukua kuwa baraza la biashara la nchi yenu, pitieni ubalozi mdogo na Chemba ya Dubai.

Mwanachama wetu alitaja tarakimu za uongo kwa miezi mitano. Sasa ametuambia hundi ya pango ya dirhamu 22,000 inaingia benki baada ya siku tisa na hana hata nusu. Wengine wanataka tumfukuze, wengine tumchangie. Tumsaidieje?
*Kiongozi wa zamu, Dubai*

Msimfukuze wiki hii, na msimchangie. Itisheni kikao cha dharura cha saa moja, chake peke yake, kesho kama inawezekana.

Siku tisa ni muda wa kutosha akianza leo. Tangu tarehe 2 Januari 2022, hundi kurudi kwa kukosa fedha peke yake si jinai tena, lakini bado ni jambo kubwa: benki hulipa kiasi kilichopo, na mwenye hundi anaweza kwenda moja kwa moja kwa hakimu wa utekelezaji bila kesi ndefu, akaomba akaunti zifungwe na mdaiwa azuiwe kusafiri. Na jinai inabaki kwa anayefunga akaunti au kutoa fedha zote kabla ya tarehe ili hundi isilipike. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kumkataza asiguse akaunti hiyo kwa hofu.

La pili, aende kwa mwenye nyumba au wakala wake uso kwa uso kabla hundi haijapelekwa benki, akiwa na sehemu ya fedha mkononi na ombi la maandishi: hundi hii irudishwe, apokee kiasi hiki leo, na hundi mbili mpya kwa tarehe hizi. Wenye nyumba wengi hupokea ombi la kabla kuliko udhuru wa baada. Hundi ya zamani airudishe mkononi mwake kabla ya kuandika mpya. Wapo walioandika mpya na ya zamani ikaingizwa benki vilevile.

La tatu ndilo kazi yenu. Kaeni naye na orodha ya wanaodaiwa mali kauli, jina kwa jina, na atumie kila mmoja ujumbe mbele yenu: kiasi, tarehe, na punguzo dogo kwa atakayelipa ndani ya siku tano. Mdeni wa Kariakoo aliyezoea kusubiriwa hulipa akipewa tarehe na sababu ya kuwahi. Mzigo uliolala stoo zaidi ya miezi mitatu auze kwa bei ya kununulia.

Kuhusu uongo, mzungumze naye mwezi ujao, akishatulia. Mwulizeni ni kikao gani alianza kuficha na nini kilisemwa siku hiyo. Huenda mtagundua kuna mtu alichekwa alipotaja mauzo madogo. Tangu hapo kila mtu aje na taarifa ya benki ya mwezi, aishike mwenyewe, na asome fedha zilizobaki kutoka kwenye karatasi.